Unasafiri Kwenda Mkoa wa Mvua? Chagua Viatu Kabla ya Kukata Tiketi

Kila mwaka, shule zinapofunguliwa mwezi Januari, familia nyingi za kata zetu huwasindikiza vijana wao hadi stendi ya mabasi kuelekea shule za bweni zilizo mbali na nyumbani. Wapo waendao Rungwe mkoani Mbeya, na wapo waendao Bukoba na Muleba mkoani Kagera. Katika mabasi hayo hayo wamo wafanyabiashara wanaofuata ndizi, vibarua wanaokwenda kuchuma chai, watumishi waliohamishiwa vituo vipya vya kazi, na ndugu wanaokwenda kuuguza au kuzika. Wote hao hufanana kwa jambo moja: wanatoka katika wilaya yenye ukame na kushuka katika ardhi yenye mvua, na mara nyingi hushuka wakiwa wamevaa viatu vilivyonunuliwa kwa ajili ya vumbi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua viatu kwa safari ya aina hiyo. Lengo lake ni kumwepusha mwananchi kununua mara mbili kitu ambacho angeweza kukinunua mara moja, na kulinda miguu ya msafiri dhidi ya maanguko na maradhi yanayoweza kuzuilika.

Mvua ya huko na mvua ya kwetu

Sehemu kubwa ya Mkoa wetu wa Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa msimu mmoja unaoanza kwa kawaida Desemba na kukoma Aprili. Mvua yetu hushuka kwa nguvu, kisha jua hutoka. Mahali penye udongo wa kichanga, baada ya saa chache ardhi huwa imekwisha kunywa maji. Mtu aliyelowa viatu asubuhi huvianika juani na kuvivaa tena jioni.

Mji wa Tukuyu, ulio makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Bukoba, iliyo kandokando ya Ziwa Victoria, hupata takribani kiasi hicho. Rungwe mvua huanza Novemba na huweza kuendelea hadi Mei, ilhali Bukoba ina misimu miwili, wa vuli na wa masika. Kwa hiyo mwanafunzi wa Rungwe anayerejea shuleni Januari anaingia katikati ya msimu wa mvua.

Hata hivyo, wingi wa maji si tofauti pekee. Tofauti inayowashinda wageni wengi ni uhaba wa jua la kuanikia. Katika maeneo ya milimani ukungu huweza kutanda tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kiatu kilicholowa Jumatatu huweza kuwa kibichi hadi Jumatano. Ndiyo maana swali ambalo wanunuzi wengi huliuliza dukani, yaani kama kiatu kinazuia maji, halitoshi. Yapo maswali mawili yanayopaswa kutangulia: Je, kiatu hiki kitanishika ardhini nisiteleze? Na kikilowa, kwa kuwa siku moja kitalowa, kitakauka kwa muda gani?

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hili kwa gharama yake mwenyewe. Alipokwenda Tukuyu kikazi mwezi Aprili, alivaa moka mpya za ngozi zenye soli laini, akiamini kwamba ngozi haishindwi na maji. Siku ya kwanza aliteleza mara mbili kwenye kinjia cha kupandia nyumba ya wageni. Siku ya pili gundi ya soli iliachia. Siku ya tatu aliingia kikaoni akiwa amevaa ndala alizonunua duka la jirani. Moka zile hazikuwa mbovu. Zilitengenezwa kwa ajili ya sakafu kavu, zikapelekwa kwenye tope.

Anza na soli

Unapokishika kiatu dukani au mnadani, kigeuze kwanza utazame chini. Soli ndiyo inayogusana na ardhi, na ndiyo itakayoamua kama utafika salama.

Kwa njia za udongo, hasa udongo wa mfinyanzi unaonata, soli inayofaa ni ile yenye meno marefu yaliyoachana. Nafasi pana kati ya jino na jino huruhusu tope kudondoka unapotembea. Meno yaliyobanana hujaa tope kwa hatua chache, na yakishajaa, soli huwa bapa na kuteleza kama tairi lililokwisha kashata. Tazama pia kama kuna ukingo mkali kwenye kisigino, kwa maana ukingo huo ndio breki yako wakati wa kushuka mteremko.

Kwa mtu ambaye muda mwingi atakuwa mjini, hospitalini au ofisini, hali ni tofauti kidogo. Hapo adui ni saruji iliyolowa, vigae na ngazi. Kwenye sakafu ngumu yenye maji, meno makubwa peke yake hayasaidii sana. Kinachosaidia ni mpira laini wenye mifereji mingi midogo inayoyapa maji njia ya kutokea. Ili kuupima mpira, bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ikibonyea kidogo na kurudi, mpira huo utashika. Ikiwa ngumu na kung'aa kama ndoo ya plastiki, kiatu hicho kitakuangusha.

Baada ya hapo, kunja kiatu kwa mikono miwili. Kinapaswa kukunjika mahali vidole vya mguu vinapokunjika. Wakati kimekunjwa, chunguza mahali soli inapokutana na sehemu ya juu. Ukiona ufa au uzi wa gundi unaovutika, maji yataingia hapo na soli itaachia. Kiatu kilichoshonwa kuzunguka soli huvumilia maji kuliko kilichogundishwa tu. Ikiwa umekwisha nunua kilichogundishwa, mpelekee fundi viatu akishone kabla ya safari. Gharama ya kushona ni ndogo ikilinganishwa na bei ya kiatu kipya.

Aina za viatu na mahali pake

Gambuti, yaani buti ndefu za mpira, ndizo zinazokuja kwanza akilini mtu anapotajiwa mvua. Ni nzuri sana kwa kazi za shambani, kwenye tope zito, na kwa njia fupi kutoka bwenini hadi darasani. Lakini zina mipaka yake. Mpira usiopitisha maji kuingia haupitishi pia jasho kutoka, kwa hiyo anayeshinda nazo kutwa hujikuta na miguu iliyolowa hata kama hakukanyaga dimbwi. Maji yakiingia kwa juu hayana pa kutokea. Zikiwa kubwa kuliko mguu hukwaruza kisigino na ndama ya mguu. Anayetarajia kutembea kilomita nyingi kila siku asizifanye kiatu chake cha pekee. Fahamu pia kwamba gambuti za plastiki huwa ngumu zaidi kwenye baridi, ilhali zile za mpira halisi hubaki laini.

Viatu vya ngozi vyenye soli ya mpira ni chaguo la kati. Ngozi nzito iliyopakwa mafuta au dawa ya viatu huhimili manyunyu na umande kwa muda. Ikiloweshwa kabisa, hukauka polepole, na ikikaushwa kwa moto hupasuka. Epuka ngozi yenye vinyweleo vya juu kama mahameli, kwa kuwa hunywa maji upesi na kubaki na madoa.

Raba za kitambaa hulowa mara moja, ila zile nyepesi hukauka upesi kuliko ngozi nzito. Zenye soli yenye meno huwafaa vijana wanaotembea umbali mrefu mahali penye joto. Katika baridi ya milimani hazifai peke yake, kwa sababu mguu uliolowa hupoteza joto haraka.

Buti za kupandia milima, ambazo hupatikana kwa wingi katika mitumba, baadhi yake huwa na utando wa ndani unaozuia maji na kupitisha jasho. Zikiwa nzima ni viatu bora. Ikumbukwe tu kwamba utando huo ukichanika au kuzeeka hauzuii tena, na maji yakishaingia kwa juu buti hizo huchukua muda mrefu kukauka kuliko raba.

Katambuga na sandali za plastiki hazishiki maji na hukauka mara moja, kwa hiyo zinafaa bafuni na uani. Katika tope, mguu huteleza ndani ya sandali yenyewe, na vidole hubaki wazi kwa miiba, vigingi na vipande vya chupa. Ndala zibaki kuwa viatu vya ndani na vya kuogea.

Tahadhari kwa wanunuzi wa mitumba

Wananchi wengi hununua viatu vya mitumba, na hakuna ubaya wowote, mradi mnunuzi ajue kasoro moja iliyojificha. Viatu vingi vya michezo na vya kupandia milima vina tabaka la povu kati ya soli na mguu. Aina moja ya povu hilo huharibika kwa unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, hata kama kiatu hakikuvaliwa. Kwa nje huonekana kipya. Ukitembea nacho siku mbili kwenye mvua, soli humeguka vipande kama mkate mkavu.

Kabla ya kulipa, bonyeza povu hilo pembeni kwa nguvu kwa kidole gumba. Likiacha shimo lisilorudi, likinata, au likionesha nyufa ndogo ndogo, rudisha kiatu. Kisha ondoa soli ya ndani, tazama kama kuna ukungu au harufu ya uvundo, na upitishe mkono hadi kwenye vidole kutafuta matundu.

Jaribu kiatu wakati wa jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Vaa soksi utakazozitumia safarini. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo utakaposhuka mteremko kucha zitagonga mbele na kuwa nyeusi. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea.

Soksi na ukaushaji

Kiatu kizuri chenye soksi mbaya ni nusu ya kazi. Soksi za pamba hunywa maji na kuyashikilia, zikaulainisha mguu na kuleta malengelenge. Soksi za sufu huendelea kutunza joto hata zikiwa na unyevu. Soksi za nailoni au poliesta, kama zile nyingi za mpira wa miguu, hukauka upesi na hupatikana kwa urahisi katika masoko yetu. Msafiri abebe angalau jozi tatu: moja mguuni, moja ikikauka, na moja kavu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya kulalia.

Kiatu kikilowa, ondoa kamba na soli ya ndani, futa tope, kisha jaza karatasi za gazeti ndani yake. Baada ya saa mbili au tatu toa karatasi zilizolowa uweke nyingine kavu. Kiache mahali penye hewa inayopita. Usikiweke kando ya jiko la mkaa wala juu ya mafiga: moto hukakamaza ngozi na kuyeyusha gundi. Asubuhi, kabla ya kukivaa, kikung'ute ili kutoa wadudu waliojihifadhi humo usiku.

Anayeweza kumudu jozi mbili za viatu vya kawaida azivae kwa zamu, moja leo na nyingine kesho. Jozi mbili za bei ya wastani zinazopokezana huweza kudumu kuliko jozi moja ya bei kubwa inayovaliwa ikiwa mbichi kila siku.

Kwa nini ni suala la afya

Mguu unaokaa na unyevu kwa muda mrefu huanza kwa kuwashwa kati ya vidole. Hiyo ni dalili ya kawaida ya fangasi. Ngozi ikichanika hapo, vijidudu vingine hupata mlango. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, maelfu ya askari walioshinda ndani ya mahandaki yenye maji baridi waliharibika miguu, na baadhi yao walikatwa vidole au nyayo, bila ya kupigwa risasi. Kinga iliyowasaidia ilikuwa rahisi: kuvua buti, kukausha miguu na kubadili soksi kila siku.

Kutembea peku kwenye udongo wenye unyevu na joto nako kuna hatari. Viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo, na minyoo hiyo ikifika tumboni hunyonya damu na kumfanya mtu apungukiwe damu. Kiatu kilichofunika mguu ni kinga ya moja kwa moja.

Mwezi Julai 2022, Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa uliopewa jina la Homa ya Mgunda wilayani Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Watu 20 waliripotiwa kuugua na watatu kati yao walifariki dunia. Ugonjwa huo husababishwa na bakteria wanaotoka katika mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, nao huweza kuingia mwilini mtu anapokanyaga maji au udongo uliochafuliwa akiwa na mchubuko. Mwenye kidonda mguuni akifunike vizuri, avae viatu visivyopitisha maji, na aepuke madimbwi. Akipata homa, maumivu ya kichwa na ya misuli baada ya safari, afike kituo cha afya na kumweleza mtoa huduma alikotoka.

Wagonjwa wa kisukari wanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu baadhi yao hupungukiwa na hisia miguuni na huweza kuchubuliwa na kiatu bila kujua. Wakague nyayo zao kila jioni, na wasianze safari ndefu kwa kiatu kipya ambacho hawajakizoea.

Pia, hakuna kiatu kinachompa mtu idhini ya kuvuka mto uliofurika. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Gambuti zikijaa maji huwa mzigo unaomvuta mtu chini. Subiri maji yapungue au tumia daraja.

Fedha zikiwa chache

Mzazi mwenye bajeti ndogo anaweza kufuata mpangilio huu. Kwanza, nunua jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi vyenye soli ya mpira yenye meno, kisha mpelekee fundi avishone. Viatu hivyo vitakuwa vya darasani na vya safari. Pili, nunua soksi za kutosha. Tatu, nunua ndala imara. Gambuti ziwe za mwisho, na ikiwezekana zinunuliwe huko huko aendako: wauzaji wa maeneo ya mvua huweka zile zinazofaa udongo wa kwao, mwanafunzi atazijaribu mwenyewe, na begi litakuwa jepesi safarini.

Kabla ya kununua chochote, soma fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule. Shule nyingi hutaja aina na rangi ya viatu vinavyoruhusiwa, na nyingine hutaja gambuti miongoni mwa mahitaji ya lazima.

Viatu vipya vivaliwe nyumbani kwa wiki mbili kabla ya safari, kwa saa chache kila siku. Siku ya safari yenyewe, vaa kiatu kisichobana, kwa kuwa miguu huvimba kwa kukaa muda mrefu ndani ya basi. Viatu vya mvua na jozi ya soksi kavu viwe katika mfuko wa mkononi, visiwekwe ndani ya buti la basi chini ya mizigo ya watu wengine. Basi likifika usiku na mvua ikinyesha, hakuna atakayesubiri upekue begi.

Wito kwa wananchi

Wananchi wanashauriwa kufuatilia utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa mkoa wanaokwenda, wala wasiupime msimu wa huko kwa kutazama anga la hapa. Mwenye ugonjwa wa ngozi miguuni, kidonda kisichopona au kisukari apite katika zahanati ya kata yake kabla ya kusafiri. Wazazi ambao hawajaelewa mahitaji yaliyotajwa katika fomu za shule wamwone Afisa Elimu wa Kata.

Halmashauri inawatakia wasafiri wote safari njema, na inawakumbusha kukigeuza kiatu na kuitazama soli kabla ya kuuliza bei.